Atalipa, hatalipa: mashine ya kunukuu mbele ya hakimu

Tangu Mahakama ya Tanzania ianze kuingiza mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa mahakamani, watu wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanashangilia: hakimu ataweka kalamu chini, mwenendo wa shauri, yaani maandishi ya yaliyosemwa mahakamani, utatoka siku hiyohiyo, na mtu anayesubiri nakala ili akate rufaa ataachana na kauli ya "njoo wiki ijayo". Wa pili wananung'unika: makarani watakosa kazi, na mashine iliyoundwa ughaibuni haiwezi kukijua Kiswahili chetu. Nimesikiliza pande zote mbili, na naona zote zimeng'ang'ania swali moja, kama mashine itakosea au haitakosea. Bila shaka itakosea. Hata karani hukosea. Kinachostahili kuulizwa ni makosa hayo yanaangukia neno gani, yana sura gani yakishaandikwa, na sauti iliyorekodiwa inakwenda wapi baada ya maandishi kutoka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: maandishi ya mashine yanafaa sana kama njia ya kuifikia sauti, na ni ya hatari yakigeuzwa kuwa mbadala wake. Kwa Kiswahili hatari hiyo ni kubwa kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu iliyomo ndani ya lugha yenyewe.

Tuanze na kinachoondolewa, maana wengi wanakizungumzia kana kwamba kilikuwa kamili. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya anajua shauri linavyokwenda: shahidi anasema nusu sentensi, hakimu anainua mkono, "subiri, naandika", kalamu inapita, kisha shahidi anaendelea akiwa ameshasahau alikoishia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 210, inamtaka hakimu aandike ushahidi, na inaelekeza kwamba kwa kawaida usiandikwe kwa mtindo wa swali na jibu bali kama masimulizi. Matokeo yake ni kwamba wakili anapouliza, "Siku ile ulimwona mshtakiwa akitoka dukani?" na shahidi akajibu "Eeh", jalada linasema: nilimwona mshtakiwa akitoka dukani. Maneno manne, na hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa shahidi. Ongeza hapo kwamba kwa miongo mingi shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza papo kwa papo, mkalimani akiwa ni kichwa chake mwenyewe. Jaji wa rufaa aliyelifungua jalada hilo baada ya miaka miwili alikuwa anasoma muhtasari wa tafsiri, na sote tukauita ushahidi.

Mwaka 2021 mambo yalibadilika. Siku ya Sheria, Februari 1, Rais John Magufuli akiwa Dodoma alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani na kumsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku ikiacha nafasi ya Kiingereza pale haki inapodai. Sheria ilikwenda mbio kuliko mikono. Matangazo ya kazi ya katibu muhtasi serikalini yamekuwa kwa miaka yakitaka mtu aliyefaulu hatimkato (mwandiko wa alama wa kunasa maneno haraka) ya Kiswahili na Kiingereza kwa kasi ya maneno 80 au 100 kwa dakika. Watu hao si wa kuokota, na hakuna aliyewahi kuota kwamba kila chumba cha mahakama nchini kingempata wake. Kwa hiyo mashine haikuja kumfukuza mtu kwenye kiti. Imekuja kukalia kiti ambacho katika mahakama nyingi hakikuwa na mtu, hakimu akifanya kazi mbili kwa mshahara wa moja.

Mashine yenyewe ina umri mkubwa kuliko tunavyoidhania. Mwaka 1952 maabara za Bell nchini Marekani zilitengeneza Audrey, mtambo uliotambua tarakimu, na ulifanya vizuri zaidi kwa sauti ya mtu uliyemzoea. Miaka 70 baadaye, Septemba 2022, kampuni ya OpenAI ilitoa Whisper, programu iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti zenye maandishi yake zilizokusanywa kutoka intaneti. Katika mlima huo, sauti za Kiswahili zilizoambatana na maandishi ya Kiswahili hazikufika hata saa kumi. Redio moja ya mkoa inazungumza zaidi ya hapo kwa siku. Tangu wakati huo tumesogea. Mradi wa Common Voice wa Mozilla, ulioanza mwaka 2017, umekusanya mamia ya saa za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea kusoma sentensi kwenye simu zao, na majirani zetu wa Kinyarwanda wamepita saa 2,000 huko, wakiziacha nyuma lugha nyingi za Ulaya. Mwaka 2023 Meta, kampuni yenye Facebook, ilitoa mfumo unaotambua lugha zaidi ya 1,100, na sehemu kubwa ya sauti zilizoufunza ni usomaji wa Agano Jipya. Angalia kinachofanana katika miradi hii: mtu anasoma. Anasoma sentensi iliyoandikwa, ametulia, hakuna anayemkatiza. Shahidi hasomi. Anakumbuka, anasita, anajisahihisha, anamtazama mshtakiwa, wakili anadakia kabla hajamaliza, na juu ya yote mvua inapiga bati. Mashine iliyofunzwa kwa Waraka kwa Warumi inaletewa ugomvi wa mpaka wa shamba.

Hapo ndipo inapotokea hoja dhaifu kuliko zote, ile inayosema Kiswahili ni kipana mno kwa mashine, kina methali, mafumbo na undani ambao kompyuta haitaufikia. Inatufurahisha kuisema, ila haina miguu. Kwa mtambo unaogeuza sauti kuwa herufi, Kiswahili ni zawadi: irabu tano zinazosomeka daima namna ileile, tahajia inayofuata matamshi, mkazo unaokaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Mtoto wa darasa la tatu akisikia neno asilolijua anaweza kuliandika. Mwambie mtoto wa London ajaribu hivyo kwa lugha yake. Mafumbo hayahusiki hapa, kwani karani anaweza kunukuu kitendawili bila kujua jibu lake. Lahaja zina uzito kidogo. Mifumo mingi huweka kila kitu chini ya jina moja la Kiswahili, wakati hata orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha inatenganisha Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Kongo, na mtu wa Lubumbashi anayechanganya Kifaransa hasikiki kama mzee wa Pemba. Lakini hilo ni suala la kurekodi watu wengi zaidi, na fedha na muda vinalimaliza. Kuna tatizo jingine ambalo kuongeza saa za sauti hakutalimaliza, nalo limo ndani ya kitenzi.

Kitenzi cha Kiswahili ni sentensi nzima iliyofungashwa. Ndani ya neno moja mna mtenda, wakati, mtendwa, na kukubali au kukana. Aliniambia, alimwambia, aliwaambia: nani hasa aliambiwa imebebwa na silabi moja katikati ya neno, na ndiyo silabi inayomezwa mtu akiongea kwa haraka. Ukanushi ni mbaya zaidi. Chukua shauri dogo la deni, la aina ambayo mahakama za mwanzo hazikosi. "Alisema atalipa mwezi wa nane." "Alisema hatalipa mwezi wa nane." Ya kwanza inajenga makubaliano, ya pili inayabomoa, na kinachozitenganisha ni pumzi ya h. Sasa, wasemaji wengi wa bara ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hiyo huidondosha: akuna, apana, ajafika. Wengine kwa kuogopa kuidondosha huipachika pasipo pake, na kila anayeshinda mitandaoni ameshaona "hamefika" ikiandikwa na mtu anayetaka kusema mgeni amefika. Hakimu akisikia "alisema atalipa" kutoka kwa shahidi wa namna hiyo husimama na kuuliza: alikubali au alikataa? Mashine haiulizi. Inapima ilichosikia na ilichozoea, inachagua chenye uwezekano mkubwa, inaandika kwa herufi nadhifu na kusonga mbele.

Niliwahi kurekodi kikao cha ukoo kuhusu shamba, kisha nikayapitisha mazungumzo kwenye programu ya simu. Baba mdogo alikuwa anaeleza thamani ya shamba, na kwa ulimi wake th ni s, kama ilivyo kwa wengi wetu. Programu ikaandika kwamba tunabishania samani za shamba. Tulicheka. Kwenye shauri la mirathi, ambako thamani ya nyumba na samani za nyumba ni vitu viwili, na kila kimoja kina mgao wake, asingecheka mtu. Mahali na mahari, kula na kura: kila msomaji ana orodha yake ya maneno ambayo jirani yake huyatamka namna moja. Sisi wenyewe hatupotei kwa sababu tunamjua msemaji na tunajua kilichotukutanisha.

Tena makosa haya hayamwangukii kila mtu sawasawa. Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walichapisha vipimo vya mifumo mitano, ya Apple, Amazon, Google, IBM na Microsoft, wakakuta kwamba kwa wastani ilikosea maneno 35 katika kila 100 ya wasemaji weusi, dhidi ya 19 ya wasemaji weupe. Wote walikuwa wanaongea Kiingereza, katika nchi moja. Kwetu si vigumu kukisia nani atanukuliwa vizuri kati ya wakili aliyezoea maikrofoni na Kiswahili cha taarifa ya habari, na mama muuza dagaa aliyeitwa kutoka mwaloni, wanakoshushia samaki, kuja kueleza alichokiona. Maneno ya wakili yataingia kwenye jalada yakiwa safi. Ya mama yataingia yakiwa yamenyooshwa na mashine. Na katika shauri, ushahidi ni wa mama.

Kisha kuna saa zetu. Mifumo mingi imefunzwa kugeuza namba zinazotamkwa kuwa tarakimu. Shahidi anasema, "Nilisikia kelele saa nane usiku." Ikiandikwa 8:00 usiku, Mswahili huenda akaelewa. Lakini mfumo unaozungumzwa hapa unanukuu na pia kutafsiri, na tafsiri inayopokea 8:00 usiku ina kila kishawishi cha kumpa msomaji wa Kiingereza saa ambayo kwetu ni saa mbili. Mtu aliyekuwa amelala usiku wa manane anajikuta kwenye jalada yuko barabarani wakati taarifa ya habari inaanza. Utetezi wa mshtakiwa kwamba hakuwepo eneo la tukio unaweza kusimama au kuanguka kwa saa sita hizo, na hakuna atakayegundua kosa kwa kusoma, kwa sababu sentensi imekaa sawa.

Wauzaji wa mifumo hujibu mambo haya kwa asilimia. Usahihi wa 95, wanasema, na kikao kinatikisa vichwa. Kipimo kinachotumika huhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha hugawanya jumla hiyo kwa maneno yaliyosemwa kweli. Usahihi wa asilimia 95 ni maneno 15 yenye kasoro katika ukurasa wa maneno 300. Ushahidi wa kurasa 40 unabeba 600. Hesabu hiyo peke yake hainitishi. Kinachonitisha ni kwamba kipimo hakijui uzito wa neno. Shahidi akisema "alinambia" na mashine ikaandika "aliniambia", hilo ni kosa moja. Akisema "hatalipa" na ikaandikwa "atalipa", hilo nalo ni kosa moja. Kwa kuwa neno letu moja hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawia maneno matatu au manne, kosa moja kwetu linaweza kuwa jepesi kama unyoya au likaangusha shauri zima, na asilimia haionyeshi ni lipi. Anayenunua mfumo wa kunukuu kwa ajili ya mahakama angepaswa kudai vipimo vya peke yake kwa majina ya watu na mahali, kwa namba na saa, na kwa vitenzi vya kukanusha, vyote vikipimwa kwa sauti zilizorekodiwa mahakamani penyewe, kwa mashahidi wa Sengerema na wa Mtwara, feni zikiwa zinazunguka. Nipeni mfumo wenye asilimia 88 kwa jumla ambao haukosei hayo, nitauchukua na kuuacha huo wa 95.

Upande wa mashine una hoja moja nzito ambayo wapinzani hawapendi kuigusa: binadamu naye anakosea vibaya. Mwaka 2019 jarida la isimu liitwalo Language lilichapisha utafiti uliofanyika Philadelphia, ambamo makarani 27 wa mahakama, watu wenye cheti kinachodai usahihi wa asilimia 95, walisikilizishwa sentensi za Kiingereza cha Wamarekani weusi. Sentensi walizozinukuu bila kosa hazikufika asilimia 60, na karibu theluthi moja ya manukuu yao yalibadilisha habari ya nani, nini, lini au wapi. Hakukuwa na akili mnemba chumbani; ni masikio ya watu wanaoishi mji mmoja na wanaowanukuu. Nikiwajumlisha makarani hao na hakimu wetu aliyekuwa akifupisha na kutafsiri kwa mkupuo mmoja, sioni sababu ya kuyatukuza maandishi ya mkono. Anayetaka turudi kwenye kalamu anatetea kitu ambacho hakijawahi kuwepo, jalada lililobeba maneno ya shahidi kama yalivyotoka.

Lakini kosa la kalamu huacha kovu. Pana mahali palipofutwa, pana neno lisilosomeka, pana sentensi iliyokatika ghafla, na wakili mzoefu akiona hivyo anajua pa kuchimba. Mashine za kizazi hiki hukosea kwa ufasaha. Zimejengwa kutabiri neno linalofuata, hivyo zisiposikia vizuri hazinyamazi, zinajaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 juu ya Whisper ulikuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti programu iliandika vifungu vizima ambavyo hakuna aliyevisema, na asilimia 38 ya vifungu hivyo vilikuwa na madhara, kama vile vurugu ambazo hazikutajwa au watu na uhusiano ambao haukuwepo. Jambo hilo lilizidi kwa wasemaji waliokaa kimya kwa muda mrefu katikati ya maneno. Anayezitumia programu hizi anaujua mchezo mwingine wa jamaa huyohuyo: ukiacha sauti tupu, mashine iliyokulia kwenye video za intaneti inaweza kuandika maneno ya kuwashukuru watazamaji. Kwenye video ya mapishi ni kichekesho. Mahakamani ukimya una maana. Mtoto anayeulizwa na mwendesha mashtaka nani alimfanyia kitendo kile, akanyamaza kwa sekunde 20, amesema jambo, na hakimu mwenye kalamu huandika kwamba shahidi amenyamaza, analia. Mashine ikiujaza ukimya ule kwa sentensi yoyote, hata iwe nzuri namna gani, imempokonya mtoto ushahidi wake.

Kuhusu ajira sitakaa sana. Kazi ya kuhakiki maandishi ya mashine dhidi ya sauti ni kazi ya kweli, inachosha masikio, na inamhitaji mtu anayeijua lugha kuliko yule anayechapa tu. Hofu yangu ni kwamba itadharauliwa. Mtu aliyeketi mbele ya kurasa 40 nadhifu huanza kuzisoma badala ya kuzisikiliza, na baada ya wiki mbili anapiga muhuri. Kumwandikia katika waraka kwamba "ahakiki" hakusaidii kama siku yake ya kazi haina saa za kusikiliza; sauti ya saa tatu haisikilizwi kwa dakika 20.

Jambo la sauti kuhifadhiwa wapi nalo lina sheria yake tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa sauti ya mtu kama inavyogusa jina lake, na rekodi ya binti aliyebakwa akitoa ushahidi faraghani haipaswi kusafiri kwenda kwenye kompyuta za nchi nyingine ili irudi ikiwa maandishi, bila mtu kuweza kueleza nani aliisikia njiani. Mfumo unaofanya kazi ndani ya kompyuta za mahakama yenyewe ni ghali zaidi. Ghali hiyo ilipwe.

Hata hivyo, hofu ya faragha isitusukume kwenye kosa jingine, la kufuta sauti mara maandishi yanapotoka. Kishawishi kipo. Rekodi hula nafasi, kurasa hazili, na ofisi zetu zina mazoea ya kuamini karatasi yenye muhuri. Siku sauti itakapofutwa, "hatalipa" iliyogeuka "atalipa" inakuwa kweli milele, kwa sababu hakuna tena pa kuirudishia. Sauti ikibaki, na kila mstari ukifungwa kwenye sekunde yake, kosa la mashine linakuwa dogo kama kosa la kuchapa: unabonyeza mstari, unasikia, unasahihisha. Hapo ndipo nasema wanaoshangilia mfumo huu wameuona nusu tu. Wanausifu kwa kasi ya kutoa nakala, wakati faida yake kubwa ni kwamba kwa mara ya kwanza mtu ataweza kutafuta neno moja ndani ya sauti ya siku sita za ushahidi, akalisikia likitamkwa na aliyelitamka. Wakili wa mshtakiwa maskini, anayepewa jalada usiku wa kuamkia rufaa, hajawahi kuwa na kitu kama hicho.

Hilo litaigusa sheria mahali ambapo wachache wameanza kupafikiria. Katika mahakama zetu za Afrika Mashariki, jaji wa rufaa huwa mzito kuingilia uamuzi wa hakimu juu ya nani wa kuaminika, kwa hoja kwamba hakimu alimwona na kumsikia shahidi, naye jaji ana karatasi tu mbele yake. Hoja hiyo imezuia rufaa nyingi, na ilikuwa ya haki, kwa kuwa karatasi haina sauti. Sauti ikiwa ndani ya jalada, nusu ya hoja imeondoka. Jaji atasikia kusita, atasikia wakili akimzomea shahidi, atasikia kwamba "ndiyo" ilitoka baada ya kuulizwa mara nne. Je, atawajibika kusikiliza? Upande mmoja ukisema maandishi yamekosea na mwingine ukasema yako sawa, nani anaamua, na sauti ikitofautiana na ukurasa uliopigwa muhuri, kipi kinashinda? Mimi najibu kwamba sauti ishinde, na hilo liandikwe kwenye kanuni kabla mfumo haujafika wilayani, kwa maana baada ya hapo kila mahakama itakuwa imejiundia mazoea yake. Najua gharama yake: rufaa zitaongezeka kabla hazijapungua, na majaji watasikiliza saa nyingi ambazo leo wanazisoma kwa dakika. Pia liwekwe wazi kwenye jalada ni toleo gani la programu lililonukuu siku ile, kwani programu hubadilishwa kila baada ya miezi, na mashine itakayosikilizishwa rekodi ileile mwaka ujao inaweza kuandika maneno tofauti.

Kifungu kilekile kinachomtaka hakimu aandike kina sehemu nyingine ambayo haisemwi sana. Kinamtaka amjulishe kila shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake, na akiwa na la kusema juu yake, liandikwe. Enzi za kalamu haki hiyo ilikuwa ngumu kuitumia: hakimu amechoka, mwandiko ni wake peke yake, maneno yako kwa Kiingereza, shahidi anataka kuwahi basi. Sasa ukurasa uko kwenye kioo, kwa Kiswahili, dakika moja baada ya kusema. Mama wa dagaa ambaye hajui kusoma anaweza kusomewa, na akisema "sikusema hivyo", karani anarudi kwenye sekunde ileile na kumchezea sauti yake mbele ya hakimu, wakili na mshtakiwa. Nilichokisubiri katika maelezo yote niliyoyasikia juu ya mfumo huu ni mtu aseme kwamba kitufe hicho kipo, nani anaruhusiwa kukibonyeza, na kama mama ataambiwa kuwa anaweza kuomba kibonyezwe.